Mtoto Juu ya Ngao ya Baba Yake

Tusomapo habari za mashujaa wa Ugiriki ya kale, aghalabu tunahesabu vita walivyoshinda na maadui waliowaua. Ni nadra kuuliza watoto wao waliishia wapi. Leo, mwanafunzi mpenzi, tumfuate mtoto mmoja tu: Astyanax, mwana wa Hector.

Katika utenzi wa Iliad, unaohusishwa na mshairi Homer, mji wa Troia umezingirwa na Wagiriki. Hector, mwana wa Mfalme Priam, anakutana na mkewe Andromache karibu na lango la mji. Mke anamsihi asimwache yeye mjane na mwanawe yatima. Hector anamnyoshea mtoto mikono, lakini mtoto anaangua kilio na kujificha kifuani mwa yaya, kwa kuiogopa kofia ya vita yenye shungi la singa za farasi. Wazazi wanacheka. Hector anaivua kofia, anaiweka chini, anambusu mwanawe na kumwombea kwa miungu kwamba siku moja watu waseme amempita baba yake.

Dua hiyo haikujibiwa. Achilles alimwua Hector na kuuburuta mwili wake nyuma ya gari la farasi, akilipiza kisasi cha rafiki yake Patroclus. Ndipo mzee Priam akaenda usiku hadi kambini kwa adui, akaibusu mikono iliyowaua wanawe, akamwomba Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe, Peleus. Wakalia wote wawili. Achilles akaurudisha mwili, akakubali vita visimame siku 11 ili Hector aombolezwe na kuzikwa. Utenzi unakomea kwenye mazishi hayo. Kuanguka kwa Troia hakusimuliwi.

Sasa tutoke katika hadithi tuingie katika historia. Mji wa Athens, katika karne ya 5 KK, ulikuwa na desturi ya kuwalea kwa gharama ya umma wana wa raia waliofia vitani. Walipofikia utu uzima walipewa silaha, wakapitishwa mbele ya watu katika sherehe ya mungu Dionysus, kabla ya tanzia kuigizwa. Ilikuwa kana kwamba mji unawaambia: baba zenu walikufa kwa ajili yetu, basi sisi tumekuwa baba zenu. Desturi hiyo ilikuwa njema, ila upendo wake ulikomea kwa watoto wa Athens.

Katika majira ya baridi ya 416 hadi 415 KK, kisiwa kidogo cha Melos, kilichokataa kuwa chini ya himaya ya Athens, kilisalimu amri. Wanajeshi wa Athens waliwaua wanaume watu wazima waliowakamata, wakawauza wanawake na watoto utumwani. Mnamo 415 KK, majira ya kuchipua yalipofika, mtunzi Euripides aliwaonyesha raia wenzake tanzia iitwayo Wanawake wa Troia.

Katika tanzia hiyo, Troia imekwisha kuanguka. Wagiriki wanaamua Astyanax atupwe kutoka juu ya ukuta wa mji, kwani mwana wa shujaa hafai kuachwa akue. Aliyetoa shauri hilo ni Odysseus, ambaye naye ana mwana, Telemachus, anayemngoja nyumbani. Andromache hapewi hata nafasi ya kumzika mwanawe. Anapelekwa merikebuni awe mtumwa wa Neoptolemus, mwana wa Achilles. Bibi mzee Hecuba ndiye anayemlaza mjukuu wake juu ya ngao ya Hector, iwe jeneza lake.

Tanzia haiitaji Melos hata mara moja. Lakini fikiria hadhira ile, iliyozoea kuwaona yatima wake wakikabidhiwa silaha, sasa inamtazama yatima wa adui akizikwa juu ya silaha ya baba yake. Katika mashindano, Euripides alipata nafasi ya 2. Mwaka uleule Athens ilituma jeshi kubwa la majini kwenda Sicily. Jeshi hilo liliangamizwa mwaka 413 KK, na akina baba wengi hawakurudi.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kumtunza yatima wako ni wajibu. Kumwona mtoto wa adui kuwa ni mtoto ndiko kunakoupima ushujaa wa taifa. Achilles, pamoja na ukatili wake wote, alilitambua jambo hilo usiku ule Priam alipomkumbusha baba yake. Athens ilikumbushwa na Euripides, tena hadharani, ila kwa wana wa Melos ukumbusho huo ulikuwa umechelewa.

Maswali ya kutafakari
1. Kwa nini Priam alimtaja Peleus badala ya kutegemea mali ya fidia pekee?
2. Je, taifa lina wajibu gani kwa watoto wa wale waliopigana nalo?