Shamba la Msituni: Habari za Mfanyakazi wa Misitu katika Kenya

Nilipokuwa ng'ambo nikitafuta shahada, nilifungua kitabu cha ukuzaji wa misitu nikalikuta neno letu shamba limepigwa chapa katikati ya Kiingereza. Nilifurahi, kama afurahivyo mtu akutanaye na jirani ugenini. Baadaye furaha ilipungua. Neno lilisafiri, bali watu waliolilima shamba lenyewe walibaki nyuma wasijulikane.

Mpango huo ulianza Kenya mwaka 1910. Reli ya Uganda ilikuwa ikila kuni nyingi, na Idara ya Misitu, iliyoundwa mwaka 1902, ilitaka miti ipandwe kwa gharama ndogo. Basi mfanyakazi alipewa kipande cha msitu uliokwisha kukatwa. Alifyeka vichaka, akapanda mahindi, maharagwe na viazi. Baada ya mwaka mmoja au miwili miche iliatikwa katikati ya mimea yake, aghalabu misaiprasi au misonobari, naye kila alipopalilia chakula chake alipalilia na miti ya serikali. Miaka michache ikipita kivuli kilikua, mahindi yakakataa, naye akahamishiwa kipande kingine kuanza upya.

Yafaa mwanafunzi wa lugha atue hapa. Kwetu pwani shamba ni mali: lina mwenyewe, hurithiwa, huuzwa, hugombewa mahakamani. Msituni lilikuwa mahali pa kupita tu, na kadiri mtu alivyoilea miti vizuri ndivyo alivyoharakisha kuondoka kwake. Ni nadra kuona neno lipinduliwe maana namna hii bila kubadilika hata herufi moja.

Na cheo je? Aliyeanza na jembe aliweza kuwa mnyapara, pengine mlinzi wa msitu. Zaidi ya hapo palikuwa na mlango wa cheti. Chuo cha misitu cha Londiani kilifunguliwa mwaka 1957. Elimu ya juu zaidi ilitafutwa mbali, kama vile Oxford, ambako chuo cha misitu cha dola ya Kiingereza kilianzishwa mwaka 1924. Mzee aliyejua kwa kuushika udongo kama mche utaota hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kuatika, kupogoa, kupunguza miti iliyosongana: huo ni ufundi, lakini katika daftari la mshahara uliandikwa kuwa ni kibarua.

Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku kilimo hicho, na waliokaa msituni wakatolewa. Wengine walikuwa wamezaliwa humo. Hawakuwa na kijiji cha kurudia. Mpango ulirejeshwa baadaye chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ukapewa jina jipya la Kiingereza, ingawa wenyeji waliendelea kuuita shamba. Safari hii mkulima alitakiwa kuishi nje ya msitu, na kipande alikilipia ada. Mshahara haukuwamo.