Ng'ambo ya Mto Voi
Kufikia 1898 reli ya Uganda ilikuwa imeshapita Voi. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza nyingine kuelekea Taveta, kupigana na Wajerumani. Reli na barabara hutaka kitu kimoja: mto utulie. Lakini Mto Voi unashuka kutoka milima ya Taita, na ni wa msimu: kiangazi mchanga mtupu, mvua ikinyesha unabomoa kingo. Kwa mito ya hivi mainjinia hupanga mawe ndani ya nyavu za waya kulinda lami. Poa, lami inapona. Ila maji yakigonga mawe hayaishiwi nguvu; yanaugeukia ukingo wa pili, shambani kwa mtu. Udongo wake unabebwa hadi bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 ndani ya Tsavo Mashariki. Ukitua pale, maji ya tembo yanapungua kina.