Vimeng'enya Vivunjavyo Nyama katika Donda Ndugu

Vimeng'enya vivunjavyo nyama ni protini zitengenezwazo na seli za mwili wenyewe, aghalabu zikiwa na zinki katika kiini chake, ambazo kazi yake ni kukata kolajeni na nyuzi nyingine zishikiliazo seli mahali pake. Cha kwanza kati ya jamii hii kilitangazwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, waliokuwa wakitafuta jinsi mkia wa kiluwiluwi unavyotoweka pindi ageukapo chura: waliweka kipande kilicho hai juu ya utando wa kolajeni, na baada ya muda utando ukayeyuka kukizunguka. Kwa mwanadamu vimekwisha kujulikana zaidi ya 20, navyo huitwa kwa herufi MMP na nambari.

Katika jeraha la kawaida, kama la kisu cha jikoni, vimeng'enya hivi ni vya lazima. Chembe nyeupe za damu ziwasilipo huja na kimojawapo, MMP-8, kiondoacho kolajeni iliyoharibika. Kisha seli za ngozi zilizo ukingoni, mara zigusapo kolajeni, hutoa MMP-1, ambacho huzifungulia njia zikatambaa hadi kingo zikakutana. Na kazi ikiisha, protini nyingine ziitwazo vizuizi huvifunga, na kiasi cha vimeng'enya kikapungua baada ya siku chache.

Ama katika donda ndugu, liwe la mguu wa mwenye kisukari, la mguu ambao vena zake zimedhoofika, au la mgonjwa alalaye ubavu mmoja kwa muda mrefu, mpango huo huharibika. Bakteria na uhaba wa damu huudumisha uvimbe. Chembe nyeupe huendelea kumiminika zikimwaga elastasi, kimeng'enya kingine, ambacho huviharibu vizuizi na papo hapo huviamsha vimeng'enya vilivyolala, hata kolajeni mpya ikaliwa kabla haijakomaa, na zile protini ziitazo seli zije kujenga zikakatwa vilevile. Maji yachuruzikayo kidondani humo, yakitiwa katika chupa ya maabara yenye seli zifumazo nyuzi, huzizuia kuzaana, ilhali maji ya jeraha bichi huzichochea.

Hata hivyo haifai kuvizima vyote pamoja, kwani katika panya wenye kisukari imeonekana kwamba kuzuia MMP-9 huharakisha kupona, na kuongeza MMP-8 huharakisha vilevile. Tena ipo marhamu ya kolajenasi, yaani kimeng'enya kikatacho kolajeni, kitokacho kwa bakteria, ambayo matabibu huipaka kidondani kwa kusudi, ili imeng'enye nyama iliyokufa.

Tiba ya msingi ingali ni kuondoa nyama mfu, kuidhibiti sukari na kuupumzisha mguu usikanyagiwe. Juu ya hayo zipo bendeji za kolajeni, ziliwazo na vimeng'enya badala ya nyama ya mgonjwa, na zile zenye chumvi ya sukrosi oktasulfati, ipunguzayo nguvu za vimeng'enya: katika jaribio la Ulaya lililotangazwa mwaka 2018, wagonjwa 240 wenye kisukari na kidonda cha mguu usiopata damu ya kutosha walitibiwa kwa wiki 20, na vidonda vilifunga kwa asilimia 48 ya waliopata bendeji hiyo, na kwa asilimia 30 ya waliopata bendeji ya namna ile ile isiyo na chumvi.