Wimbo Nyuma ya Ng'ombe: Ngoma za Wafugaji wa Kisukuma katika Historia ya Ufipa na Bonde la Rukwa

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua habari za muziki wa Mkoa wa Rukwa huelekezwa kwanza kwa Wafipa, na anayetaka kujua muziki wa Wasukuma huelekezwa Mwanza, Shinyanga na maeneo ya jirani. Mielekeo yote miwili ina sababu zake. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 na 1980 maelfu ya wafugaji wa Kisukuma wamehamia kusini na mifugo yao, na wengi wao wamefanya makazi katika Bonde la Rukwa, chini ya miteremko ya Lyamba lya Mfipa. Walihama na ng'ombe, majembe ya kukokotwa na maksai, na pia mbina, yaani ngoma zao. Ngoma hizo hazimo katika kapu la Rukwa kwa kuwa si za Wafipa, wala hazimo katika kapu la Usukuma kwa kuwa haziko tena huko.

Insha hii inajadili swali moja: ni kitu gani kimeuweka hai muziki wa wachunga ng'ombe hawa mbali na kwao? Hoja inayotetewa ni kwamba umehifadhiwa na raha ya msikilizaji, na hasa na taasisi ya mashindano inayoipa raha hiyo mamlaka ya kuamua. Hoja ya pili inatokana na ya kwanza: mwanahistoria akiifuata taasisi hiyo, badala ya kufuata kabila au mpaka wa mkoa, anapata ushahidi juu ya uhamaji ambao nyaraka za serikali hazina budi kuuhadithia kwa upande mmoja.

2.0 Ufipa kama nchi ya kupokea wageni

Haifai kuieleza historia ya wafugaji hawa kana kwamba waliingia katika nchi tupu. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ulikuwa na dola zilizojengeka vizuri kabla ya ukoloni. Willis (1981) anaeleza jinsi utawala wa kale wa Milansi, uliohusishwa na ufuaji wa chuma, ulivyopisha nasaba ya Watwa, na jinsi nasaba hiyo ilivyogawanyika katika dola mbili za Nkansi na Lyangalile. Masimulizi ya asili yanayoeleza badiliko hilo yanawahusu wanawake wageni waliofika kutoka mbali na kutwaa utawala. Kwa hiyo suala la mgeni anayekuja na kubaki limo katika kiini cha jinsi Wafipa wanavyoieleza nchi yao.

Jina la mji wa Sumbawanga nalo hufasiriwa na wengi kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Iwe tafsiri hiyo ni ya kihistoria au ni ya baadaye, inaonesha namna wenyeji wanavyopenda kuueleza mlango wao: mgeni anakaribishwa, lakini kuna mizigo anayotakiwa kuiacha nje. Swali la nini mgeni aache na nini aingie nacho ndilo lililowakabili wafugaji walipofika.

Kiuchumi, Wafipa walikuwa wakulima hodari wa matuta yaliyorutubishwa kwa majani, nao walifuga pia. Tofauti iliyoletwa na wahamiaji ilikuwa ya kiwango: makundi makubwa ya ng'ombe yaliyohitaji malisho ya kuhamahama. Bonde la Rukwa, lililoko takribani mita 800 kutoka usawa wa bahari, lina joto na mbuga za nyasi zilizofaa zaidi kwa makundi hayo kuliko nchi ya baridi ya juu.

3.0 Njia ya ng'ombe kutoka Usukuma

Sababu za kuhama zilianza zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, uliolenga kupunguza mifugo na kuwahamishia watu maeneo mapya. Kilimo cha pamba kilipanuka na kula malisho. Baada ya uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja, hali isiyopatana kwa urahisi na ufugaji wa makundi makubwa. Tafiti za Brandström juu ya wakulima-wafugaji wa Kisukuma zimeonesha kwamba kupanuka kuelekea ardhi mpya ni sehemu ya mantiki ya uchumi wao, wala si ajali wala tabia ya kutangatanga. Familia zilishuka kupitia Tabora na Mpanda, zikavuka misitu ya miombo yenye mbung'o, na baadhi zikafika Rukwa.

Katika safari ya namna hiyo, wimbo ni kazi kabla ya kuwa burudani. Mchungaji huwaita ng'ombe kwa mluzi na kwa sauti, huwataja kwa rangi na maumbo yao, ambayo Kisukuma kina msamiati mpana wa kuyaeleza, na hujiliwaza katika saa ndefu za upweke. Kijana anayejulikana malishoni kwa sauti nzuri ndiye anayeweza kesho kusimama uwanjani kama ningi, yaani mwimbaji na mtunzi. Malisho ni shule ya kwanza ya wimbo, na uwanja wa mashindano ni shule ya pili.

4.0 Bagika na Bagalu: msikilizaji kama mwamuzi

Ngoma za Kisukuma zimejengwa juu ya vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Mapokeo yanavihusisha na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Uanachama wake haufuati mipaka ya utemi wala ya ukoo pekee, na ndani ya vyama hivyo kuna aina nyingi za ngoma: za walimaji wa bugobogobo, za wacheza na nyoka, za wawinda nungunungu na nyinginezo. Gunderson (2010) amekusanya na kuchambua nyimbo nyingi za kazi za Wasukuma na kuonesha jinsi kazi, chama na wimbo vilivyoshikamana.

Mashindano hufanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Makundi mawili husimama katika uwanja mmoja na kuimba kwa wakati mmoja. Umati huanza katikati, kisha kila mtu husogea kule anakovutiwa. Kundi lililokusanya watu wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana maningi hutafuta maneno makali, mavazi ya kustaajabisha, vituko na hata dawa za mvuto. Kila hila inalenga jambo moja: kumfanya mtu aliyesimama upande wa pili ainue mguu.

Utaratibu huu una matokeo matatu ya kihistoria. Kwanza, unamlazimisha mwimbaji kutunga upya kila msimu, kwa sababu wimbo uliozoeleka haumhamishi mtu. Pili, unabebeka. Hauhitaji jengo, ofisi wala kibali cha mtemi. Unahitaji uwanja, pande mbili na watu walio huru kuondoka. Tatu, unampa mhamiaji jamaa kabla hajapata ardhi. Mtu wa Bagalu anayefika mahali asipojulikana humkuta Mgalu mwenzake, na pia humkuta hasimu wa Kigika wa kutaniana na kushindana naye. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vilivyoibuka katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, viliwafuata pia wahamiaji kwa njia kama hiyo. Tofauti ni kwamba Sungusungu imeandikwa sana na wanasayansi ya jamii, kwa kuwa inagusa mamlaka ya dola, ilhali ngoma imeachiwa watu wa sanaa. Katika maisha ya mfugaji, zote mbili ni taasisi za kuishi ugenini.

5.0 Ulinganisho: Texas na Kapkatet

Ulinganisho na wachunga ng'ombe wa Marekani unasaidia kuiona hoja hii kwa uwazi zaidi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas. Wachungaji waliimba usiku ili kuwatuliza wanyama wasishtuke na kukimbia. Njia hizo zilifungwa ndani ya miongo michache kwa kuenea kwa reli na seng'enge, ambayo aina yake iliyotumika zaidi ilipewa hataza mwaka 1874. John Lomax alipochapisha mkusanyo wake wa nyimbo za wachunga ng'ombe mwaka 1910, safari zenyewe zilikuwa zimekwisha. Kuanzia hapo muziki huo uliishi katika vitabu, santuri, filamu na majukwaa, na wasanii wanaouendeleza leo huimba juu ya kazi ambayo wasikilizaji wao wengi hawajawahi kuifanya.

Sauti hiyo ya santuri ilifika pia kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba juu ya "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana wale hawakumwiga. Walimgeuza kiumbe nusu mtu, nusu mnyama, na kumtia katika mchezo wao wenyewe. Jamii ya wafugaji ilipokutana na muziki wa wachunga ng'ombe wa mbali, iliufanyia kile inachoufanyia wimbo wowote: iliutumia.

Katika Bonde la Rukwa hali iko kati ya mifano hii miwili. Njia ya ng'ombe haijafungwa kabisa, ila inabanwa na hifadhi, mashamba na mipango ya matumizi ya ardhi. Wimbo bado una kazi, lakini kazi hiyo inapungua. Huu ndio wakati mwafaka wa kuuandikia historia, kabla mtafiti hajalazimika kuutafuta jukwaani tu.

6.0 Wanaouweka hai kwa sasa

Baada ya uhuru, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962 ilitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma za makabila zikapewa heshima ambayo ukoloni ulikuwa umezinyima. Lakini heshima hiyo ilipangwa kwa kabila na mkoa: kila mkoa na ngoma yake. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yamefanya kazi kubwa ya kuhifadhi, na sikukuu ya Bulabo imeendeleza mashindano. Ila Bujora iko karibu na Mwanza, na mfugaji wa Rukwa hayumo katika ramani yake ya kila siku.

Kinachomfikia ni njia nyingine. Nyimbo za wasanii wa Kisukuma kama Bhudagala Mwanamalonja na Nelemi Mbasando husambaa nchini kwa simu, kwa memori kadi na kwa video za mtandaoni. Mchungaji anaweza kurushiwa nyimbo siku ya mnada, kisha akazisikiliza malishoni siku nzima. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kifo cha mbina, kwa kuwa kinanda na ala za umeme zimeingia. Insha hii haikubaliani nao moja kwa moja. Kilichobadilika zaidi si ala. Ni nafasi ya msikilizaji. Mwenye simu huchagua, lakini mwimbaji hamwoni akisogea. Pale ambapo nyimbo za simuni zinarudishwa uwanjani na kushindaniwa, mbina inaendelea. Pale zinapobaki sikioni tu, kijana anabaki shabiki na hafiki kuwa ningi.

7.0 Wimbo kama ushahidi na mipaka yake

Katika nyaraka za utawala, mfugaji mhamiaji huonekana zaidi anapohesabiwa, anapotozwa au anapoondolewa. Kuondolewa kwa wafugaji katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 kuliwapa jina la waharibifu wa mazingira, na jina hilo limewatangulia katika mikoa mingi. Brockington, aliyefanya utafiti Rukwa, ameonesha jinsi mjadala wa mazingira ulivyofungamana na siasa za vijiji na kodi. Nyimbo huleta sauti nyingine. Maningi wa Kisukuma wana desturi ya kutaja watu, mahali, njaa, viongozi na safari. Mtiririko wa majina hayo unaweza kumsaidia mwanahistoria kuona njia iliyopitwa na namna wapitaji walivyoielewa.

Tahadhari mbili ni muhimu. Kwanza, wimbo wa mashindano umetungwa ili ushinde. Hukuza, hutania na hutukana. Hauwezi kusomwa kama daftari la matukio bila kulinganishwa na masimulizi na nyaraka. Pili, kumsikiliza mfugaji hakupaswi kumnyamazisha mkulima wa Kifipa ambaye shamba lake limeliwa na ng'ombe. Historia ya bonde itakuwa kamili pale ambapo ngoma za pande zote mbili zitasomwa kama kumbukumbu za nchi moja.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba muziki wa wachunga ng'ombe wa Bonde la Rukwa umedumu kwa sababu umebebwa na taasisi inayomtegemea msikilizaji aliye huru kuondoka. Maktaba na makumbusho huhifadhi sauti iliyokwisha kuimbwa. Uwanja humdai mwimbaji sauti ya msimu ujao. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba ukusanyaji wa fasihi simulizi na muziki katika Mkoa wa Rukwa uache kuanza na swali la kabila lenye ngoma, na uanze na swali la watu wanaokusanyika uwanjani, mahali gani na baada ya mavuno yapi. Swali hilo litawaingiza katika kumbukumbu za mkoa watu ambao wameishi humo kwa takribani nusu karne, na watoto wao waliozaliwa bondeni, ambao hadi sasa huitwa wageni.