BAMVUA LA MJOMBA
Sehemu ya 4

ILIPOISHIA: Babu Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakiinua juani, akanyamaza. Mjomba akauliza, "Vipi, babu?" Babu hakujibu. Akamgeuzia kijiti.

SASA ENDELEA...

Waridi.

Umesoma sawasawa. Oili ya giaboksi ile ikiwa nzima ni nyekundu, wekundu wa juisi ya rozela. Hii iliyokuwa inadondoka kwenye kijiti ilikuwa nzito, ya povupovu, kama maziwa yaliyotiwa rangi na arki.

"Si nilikwambia inavuja?" mjomba akasema, kama mtu aliyeshinda ubishi.

"Kuvuja ni kutoka," akajibu Babu. "Hapa kuna kitu kimeingia."

Kitu gani? Usiwe na haraka. Haraka tumwachie mjomba, maana yeye ndiye mwenye siri.

Kwanza tazama tulipo. Boti imekaa mchangani, ghuba ya Tanga, imesimama kwa magadi, magogo manne ya mkoko. Ni bamvua. Bahari iliikimbia saa mbili asubuhi, kupwa kabisa ni saa nne, na ikifika saa sita maji yatakuwa yanalamba tumbo lake tena. Ukilikosa bamvua hili, kaa usubiri siku kama 14.

Mteja anakuja kesho alfajiri kuijaribu.

Na siri? Haya, sogea nikunong'oneze. Pesa iliyonunua boti hii ni ya shamba la minazi la Pangani. Shamba ni la mkewe. Mkewe anajua liliuzwa, naam, na anajua pesa iko benki, inasubiri safari ya Hija.

Sasa umeelewa kwa nini mjomba alikuwa anatoka jasho kabla jua halijapanda?

Mashine yenyewe haikuwa na neno. Perkins 4-108, ya Kiingereza, silinda 4, inchi za ujazo 108, mzee kuliko mimi na bado inawaka. Shida ilikuwa nyuma yake, kwenye giaboksi, na zilikuwa shida mbili, si moja.

Ya kwanza ni sili ya nyuma, pale shafti inapotokea. Babu alifungua bolti nne za kapulingi, akazihesabu kwa sauti akizitia kwenye kofia yake, kisha akaisukuma shafti nyuma taratibu. Ndiyo maana alikataa kuifanya kazi hii majini. "Shafti ikikuponyoka ukiwa unaelea," aliniambia, "utaziba lile tundu kwa nini? Kwa dua?"

Akaing'oa sili kwa bisibisi. Akanishika kidole, akanipitisha ukucha juu ya chuma pale sili ilipokuwa imekaa miaka yote ile.

Ukucha ukanasa.

Mfereji! Mpira laini ule umekwangua chuma, mwaka baada ya mwaka. Weka sili mpya palepale, itavuja palepale. Babu akaitia mpya kwa kuigonga na kipande cha ubao, huku na huku, lakini hakuizamisha mpaka mwisho. Akaiacha nje kidogo, kiasi cha unene wa sarafu, ili mdomo wake ung'ate chuma kipya. Nikamtazama yule mzee nikatamani kumpigia makofi.

Ya pili ndiyo hiyo ya waridi. Giaboksi ina kipozeo chake: ndani kuna vijibomba vyembamba, oili upande mmoja, maji ya bahari upande wa pili. Chumvi ikila kijibomba kimoja tu, basi. Mashine ikiwaka, oili inasukumwa ikanywewe na samaki. Ukiizima, bahari inarudisha salamu.

"Tukitoe tukipime," akasema Babu. Halafu, bila kuinua uso: "Mwanangu, funga kwanza koki ya maji ya bahari."

Msomaji, weka kidole chako hapa. Usikitoe.

Koki iko chini ya sakafu, gizani, imeota ukijani. Nikaivuta, imegoma. Nikaipiga nyundo kidogo. Mkono wake ukachomoka, ukabaki kiganjani mwangu.

Na maji? Hata tone. Boti iko nchi kavu, yatoke wapi? Nikautia mfukoni, nitaurudisha baadaye.

"Tayari?" Babu akauliza.

"Tayari, babu."

Tukafungua mipira ya maji, tukakitoa kipozeo. Babu akaziba tundu moja la oili, akachomeka pampu ya baiskeli kwenye lile jingine, akakizamisha chote kwenye ndoo. Mjomba akapampu mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu, kwenye mdomo wa maji, likatokea povu moja dogo. Likafuatwa na jingine. Kisha ndoo nzima ikachemka kama sufuria ya chai.

"Mjini," akasema Babu. "Kwa fundi rejeta. Akilehemu. Kimbia!"

Nilikimbia. Bodaboda, vumbi, foleni ya watu watatu mbele yangu. Fundi rejeta hana haraka na mtu, anapuliza moto wake huku anasimulia mpira wa jana. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Ndio kwanza anakwangua kutu.

Saa sita kasoro simu ikaita. Mjomba. Ananong'ona.

"Maji yamerudi."

"Si ndiyo wakati wake, mjomba? Nakuja, bado kidogo tu."

"Hunielewi. Yanaingia. Babu yuko chini ya sakafu, anapapasa, anasema haoni mkono wa..."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, tulivu mno.

"Baba watoto, nimekuletea chakula. Hii boti ya nani?"

Simu ikakatika.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta nauli ya bodaboda. Vidole vikagusa chuma.

ITAENDELEA WIKI IJAYO