Kipande cha Mwisho: Historia Fupi ya Kurudi Nyumbani Buha

Mtu wa Kasulu au Kibondo anayeishi mbali na kwao huigawa safari ya kurudi nyumbani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni refu na halina masimulizi mengi: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Fungu la pili huanzia Nyakanazi, pale ambapo barabara ya Rusumo inaachwa na msafiri anakata kushoto kuingia Kakonko, Kibondo, kisha Kasulu. Ni fupi kuliko la kwanza, lakini ndilo linalosimuliwa misibani na harusini. Kwa miaka mingi hapo ndipo lami ilipokoma, ndipo mabasi yalipozama katika tope la Desemba, na ndipo abiria waliposubiri kusindikizwa na askari wenye silaha ili wavuke mapori yaliyokuwa na majambazi.

Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba Kigoma ni mbali na fedha za serikali hazitoshi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha swali moja bila jibu: mbali na wapi? Kwa mtu aliyezaliwa Heru, Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita Buha ilipangwa kuwa mahali pa kutolea watu, na kwamba mpango huo bado unaonekana katika namna mwenyeji anavyopokelewa anaporudi kwao.

Haikuwa hivyo tangu asili. Mwezi Novemba mwaka 1871, msafara wa Henry Morton Stanley, ukitokea Unyanyembe na kuelekea Ujiji, ulivuka mto Malagarasi na kuingia kusini mwa Buha. Huko Stanley alidaiwa hongo na mtawala mmoja, halafu na mwingine, hadi marobota yake ya nguo yakaanza kupungua. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia, wala haikuwa na maana ya rushwa kama leo. Mwishowe alimlipa mtu wa kumwongoza usiku, akapita kwa kunyata kando ya vijiji, na siku chache baadaye akakutana na Livingstone. Tukio hilo husimuliwa kama ushujaa wa Mzungu. Sisi tulisome upande wa pili: katika nchi hiyo mwenye kuulizwa alikuwa mgeni, na mwenye kuuliza alikuwa mwenyeji. Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na Mwami wao, mipaka yao na taratibu zao za kumpokea apitaye.

Ukoloni uligeuza uhusiano huo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Wajerumani kuondolewa, Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Waingereza walihitaji nguvukazi kwa ajili ya mkonge wa Tanga na Morogoro, na waliitafuta katika majimbo ambayo hayakuwa na zao kubwa la kuuza nje. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa vijana wengi wa Buha fedha hiyo ilipatikana mashambani ya watu wengine, mamia ya maili kutoka kwao. Katika miaka ya 1930 vita dhidi ya malale vilikusanya watu wengi wa nyanda hizo katika makazi mapya, na maeneo waliyoyaacha yakarudi kuwa pori. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na uandikishaji wa Waha ukawa kazi ya kila msimu.

Ndipo lilipozoeleka neno manamba, watu waliojulikana kwa namba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na ujira ulilipwa nafasi hizo zilipojaa, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi. Nauli ya kurudi ilikuwamo katika mkataba, lakini tusiisome kama hisani. Mkataba ulipoisha, gharama za ugonjwa, uzee na malezi ya watoto zilirudi Buha pamoja na mtu mwenyewe. Shamba lilinunua miaka ya nguvu zake, na ukoo ukagharamia iliyobaki. Kwa uchumi wa namna hiyo, njia ya kumtoa mtu ilikuwa kitega uchumi. Njia ya kumfikisha mlangoni kwake haikumhusu mwekezaji yeyote.

Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Aliondoka Heru mwishoni mwa miaka ya 1950, akashuka hadi stesheni ya Kigoma, akapanda treni hadi Morogoro, kisha akapelekwa kwa lori Korogwe, maana reli ya kati ya Ruvu na Mnyusi, iliyokuja kuunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, ilifunguliwa mwaka 1963. Miaka michache iliyopita alikuja kwetu kutibiwa macho, na mwezi Desemba tukamrudisha nyumbani. Tulikuwa vizazi vitatu ndani ya gari moja, pamoja na mke wangu, mwenyeji wa Moshi. Tulilala Singida, tukalala Kahama, na siku ya tatu tukaingia kipande cha mwisho.

Mbele kidogo ya Nyakanazi tulisimamishwa kwenye kizuizi. Ofisa kijana alitusalimu vizuri, akamsikiliza mzee akiitikia shikamoo yake, akaomba kitambulisho chake peke yake. Mzee akatoa kadi ya mpiga kura. Akaambiwa haitoshi. Akaulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji, akalitaja. Akaulizwa shule aliyosoma, akasema hakusoma. Kisha akaulizwa alizaliwa kijiji gani. Mzee akanyamaza kwa muda mrefu, na nilimwona ofisa akiandika kitu katika daftari lake.

Ndugu msomaji, ukimya ule una historia yake. Mzee hakuzaliwa katika kijiji chochote. Alizaliwa juu ya kilima, katika mji wa baba yake uliozungukwa na migomba, wakati Waha wengi waliishi hivyo, kila ukoo na kilima chake. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za awali za kuwahamishia wananchi katika vijiji, kabla ya agizo la Novemba 1973 lililolitaka taifa zima liishi vijijini. Watu waliteremshwa kutoka vilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Migomba na makaburi vikabaki juu, katika mahame. Kijiji anachokiita nyumbani leo ni kichanga kuliko yeye kwa zaidi ya miaka 30. Swali lililoonekana rahisi kwa aliyeuliza halikuwa na jibu la kweli la neno moja, na serikali ndiyo iliyoliondoa jibu hilo.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mjukuu wangu, nilipokwenda Tanga kukata mkonge hakuna aliyeniuliza nilizaliwa wapi. Walitazama mikono."

Sitaki kurahisisha mambo. Mashaka ya vyombo vya dola yana chimbuko. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka, na wilaya za Kibondo na Kasulu zikabeba kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Mtabila. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa tena, ikifuatiwa na Mtendeli. Silaha zilipenya, na utekaji wa magari ulikuwa jambo la kweli. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana. Ofisa aliyetoka mkoa mwingine hawezi kuzitenganisha kwa sikio. Lakini hapo ndipo kosa lilipo: lafudhi imefanywa ushahidi. Wabunge wa Kigoma wamelilalamikia jambo hili bungeni mara nyingi. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na haiwagawi raia kwa matamshi.

Sasa lami imeingia. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260.6, imepata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, katika mradi mmoja na barabara ya Rumonge hadi Gitaza nchini Burundi. Tuutazame ukweli huo bila haraka. Kipande kilichongoja miongo yote hiyo kimepata fedha kwa sababu kimekuwa sehemu ya ushoroba wa kwenda Burundi. Sina kinyongo na hilo, kwa kuwa biashara na jirani ni heri. Ila itakuwa ajabu iwapo maharage ya Kasulu na shehena za Bujumbura zitateleza juu ya lami bila kusimama, huku mzee wa Heru akishushwa garini kwa sababu anazungumza kama majirani ambao barabara imejengwa ili kuwafikia.

Lami haifuti mahame, wala haimjibii mzee anapoulizwa kijiji alichozaliwa. Kazi hiyo inatuhusu sisi. Kwa wanafunzi wangu wanaotoka Kigoma: likizo ijayo kaeni na wazee, andikeni kilima kipi kilihamishiwa kijiji kipi, na mwaka gani. Waliohama wakiwa watu wazima sasa wanahesabika. Kwa wanaharakati: madai ya haki kwenye vizuizi yatakuwa na nguvu zaidi yakiambatana na kumbukumbu hizo. Na kwa watumishi wa umma mnaopangiwa kazi mipakani: kabla hamjamuuliza mzee kijiji alichozaliwa, someni Operesheni Kigoma. Ofisi ya kata yenye orodha ya vilima vilivyohamishwa ingemaliza kwa dakika tano jambo lililotuweka barabarani saa nzima, na tungefika Kasulu kabla ya giza.