Kutoka Kisimani hadi Chumba cha Kufulia

Nyumba nyingi zilizojengwa Al Wukair katika miaka ya karibuni zina chumba kidogo ambacho wageni hawaonyeshwi. Kipo nyuma ya jiko, au juu karibu na ngazi ya kupandia kwenye paa, na mara nyingi kinapakana na chumba cha msaidizi wa kazi za nyumbani. Ndani yake mna mashine ya kufulia, sinki, kamba ya kuanikia, ubao wa kupigia pasi na rundo la nguo. Tukisema tunakipanga chumba hiki, kwa kawaida tunafikiria rafu na vikapu tu. Makala hii inauliza swali la historia kwanza: kazi ya kufua ilifikaje humo ndani, na ni nani aliyekuwa akiifanya kabla haijafungiwa mlango? Hoja yangu ni kwamba kufua kulikuwa kazi ya mahali pa wazi, penye maji na watu. Kulipoingia ndani kulipungua uzito, lakini pia kulijificha, na kazi iliyojificha ni rahisi kutohesabiwa.

Maneno na safari zake

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha katika klabu hii. Kitenzi "kufua" hakihusu nguo peke yake. Mhunzi hufua chuma, mkwezi hufua nazi, na magazeti ya Tanzania huandika habari za kufua umeme. Aliyeshindwa tunasema hakufua dafu. Katika matumizi mengi ya neno hili mna nguvu za mikono na kupigapiga, na ndivyo nguo zilivyofuliwa: zilipigwa juu ya jiwe mpaka uchafu ukatoka.

Kuloweka, kusuuza, kukamua na kuanika ni maneno ya Kibantu, na kila moja ni hatua ya kazi. Vitu vinavyozunguka kazi hiyo, kwa upande mwingine, vina majina yaliyovuka bahari. Sabuni imetoka Kiarabu, leso na foronya zimetoka Kireno, beseni limetoka Kiingereza, na dobi ametoka Kihindi. Kwa hiyo kapu moja la nguo chafu linatosha kutueleza biashara ya Bahari ya Hindi ilivyokuwa, na kazi yenyewe ilibaki mikononi mwa nani.

Pwani: watumwa na madobi

Katika karne ya 19, nguo nyeupe na safi ilikuwa alama ya uungwana Zanzibar, Mombasa na Lamu. Kanzu nyeupe ilionyesha kwamba mvaaji hashiki jembe, na pia kwamba yupo mtu mwingine anayemfulia. Salme binti Said, bintiye Sultani Seyyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Maisha ya kasri anayoyaeleza yalitegemea watumwa kwa kila kitu, na kufua nguo kulikuwa miongoni mwa kazi zao.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa. Mabadiliko hayo yalionekana katika mavazi. Wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Nguo hizo zilihitaji kufuliwa kama nguo za bwana zilivyofuliwa, lakini sasa mtu alikuwa akifua nguo yake mwenyewe. Kwa maoni yangu huo nao ulikuwa uhuru, ingawa vitabu vya historia haviutaji sana.

Katika miji ya pwani walikuwepo pia madobi, wengi wao wenye asili ya India. Dobi alipokea nguo, akazifua, akazianika kwenye uwanja ulio wazi na kuzipiga pasi ya mkaa. Bara Hindi, madobi walikuwa na desturi ya kutia alama ndogo ya wino kwenye pindo ili kila nguo irudi kwa mwenyewe. Kazi ya dobi ilikuwa ngumu, na katika mfumo wa matabaka ya India ilidharauliwa. Hata hivyo ilikuwa na bei kwa kila nguo, na kila aliyepita uwanjani aliona jinsi inavyofanywa. Siku hizi Nairobi wapo kina mama fua, wanaopita nyumba hadi nyumba na kupatana malipo kabla ya kulowanisha mikono. Wao pia wanaijua bei ya kazi yao.

Ghuba: visima, lulu na mabomba

Bahari iliyoleta sabuni na madobi pwani ndiyo iliyobeba watu kwa nguvu kuja upande huu. Majahazi ya msimu yalileta watumwa kutoka Afrika Mashariki hadi Ghuba, ambako wanaume wengi walipelekwa kuzamia lulu au kutunza mitende, na wanawake wengi wakawekwa kufanya kazi za nyumbani. Al Wakrah, mji wa pwani ambao manispaa yake ndiyo inayoisimamia Al Wukair, uliishi kwa lulu mpaka biashara hiyo ilipoporomoka katika miaka ya 1930. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952. Anayetaka kuielewa historia hii aende Msheireb, katikati ya Doha, kwenye nyumba ya Bin Jelmood, ambayo tangu 2015 ni makumbusho ya utumwa katika eneo la Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeingia humo ataona kwamba wakwetu walifika Doha zamani sana, kabla ya viza na mikataba ya kazi.

Kabla ya maji ya bomba, wanawake wa Ghuba, huru na watumwa, walikwenda visimani kuteka maji na kufua. Safari hiyo ilichosha, lakini ilikuwa pia nafasi ya kukutana na kupeana habari. Mafuta yalianza kusafirishwa kutoka Qatar mwishoni mwa 1949. Katika miaka ya 1950 ukaja umeme, yakaja na maji yaliyosafishwa kutoka baharini. Polepole kisima kikaachwa, na kufua kukaingia uani, kisha ndani ya nyumba.

Mashine iliyoongeza kazi

Ni kweli kwamba mashine iliokoa migongo ya watu. Lakini mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983, alionyesha jambo la kushangaza. Vifaa vya umeme havikuwapa akina mama wa Marekani muda wa kupumzika kama ilivyotarajiwa. Zamani familia nyingi zilipeleka nguo kwa wafuaji wa nje au zililipa mtu aje kufua. Mashine ilipoingia, kazi hiyo ilirudi nyumbani kwa mtu mmoja, na kiwango cha usafi kikapanda. Shati lililovaliwa siku tatu sasa huvaliwa siku moja.

Hapa Al Wukair jambo hilo linaonekana wazi. Joto na vumbi hufanya nguo zibadilishwe mara mbili kwa siku. Sare za shule, mashuka, taulo na nguo za kuswalia vyote huishia kwenye chumba kilekile. Tena sheria ya usafi wa umma ya 2017 inakataza kuanika nguo kwenye roshani na madirisha yanayotazama barabara, kwa hiyo hata kamba ya nguo imetoweka machoni pa jirani.

Kukipanga kwa haki

Katika nyumba nyingi, mtu anayesimama mbele ya mashine hiyo ni msaidizi wa kazi, na baadhi yao wametoka Kenya na Uganda. Tunamwita dada, na ni vizuri, lakini udada hauhesabu saa. Sheria namba 15 ya 2017 ya Qatar inazihesabu: kazi isizidi saa 10 kwa siku, na kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Tangu Machi 2021 kuna pia kima cha chini cha mshahara, riali 1,000 kwa mwezi, kinachowahusu na wafanyakazi wa nyumbani. Kwa sheria hii, kupiga pasi sare saa nne usiku ni saa ya kazi kama nyingine yoyote.

Kwa hiyo mpangilio mzuri wa chumba hiki ufuate mambo mawili: hatua za kazi na mwili wa anayefanya kazi. Vikapu vitatu viwe mlangoni, cha nguo nyeupe, cha rangi na cha taulo na mashuka, na kila mmoja katika nyumba apeleke nguo zake mwenyewe na kuzitenga. Sabuni ikae karibu na mashine, mbali na mikono ya watoto. Ubao wa pasi ufike kiunoni, na kiti kiwepo. Dirisha lifunguke au feni ivute unyevu, maana chumba kisichopitisha hewa hutia nguo ukungu na kumchosha mtu. Ukutani ibandikwe ratiba yenye siku za kufua, siku ya mapumziko na saa ya kuzima mashine.

Ratiba hiyo ndiyo ninayoiona muhimu kuliko rafu zote. Inafanya kazi ya alama ya dobi, ila hii haionyeshi nguo ni ya nani. Inaonyesha muda ni wa nani. Sisi wanafunzi tunaoishi na wazazi wetu hatuwezi kubadilisha ramani za nyumba, lakini karatasi moja ukutani tunaweza kuiandika, na kwa Kiswahili, ili dada wa nyumbani aisome na kuirekebisha.